Kitabu cha Wageni

Jana asubuhi kazini walileta bango jipya, lile refu la plastiki linaloviringishwa kama mkeka. Fundi alipokata kamba na kulikunjua sakafuni, harufu ikapanda: plastiki, wino, na joto la kitu kilichofungiwa muda mrefu. Wenzangu wakaanza kubishana kama maandishi yamenyooka. Mimi kwa mawazo nilikuwa nimesharudi kwenye ukumbi wa shule yetu, nina miaka 16, beji kifuani, na nyuma yangu kuna picha ya msichana aliyeketi kwenye dawati la shule, kalamu mkononi, anatabasamu.

Mnaonisoma siku nyingi mnajua kuwa mambo ya shule ile huwa nayapita mbali. Hili hasa nimelikwepa.

Maonyesho yalikuja kwenye makasha, na mchana mmoja ukumbi wa mitihani ukageuka makumbusho. Yalimhusu Anne Frank, msichana wa Kiyahudi aliyeandika shajara mafichoni, aliyezaliwa Frankfurt tarehe 12 Juni 1929, akakulia Amsterdam, Uholanzi, baada ya wazazi wake kuikimbia Ujerumani ya Hitler, akajificha na familia yake na watu wengine, wanane kwa jumla, miaka miwili na ushee katika vyumba vya nyuma ya ofisi ya baba yake. Walikamatwa tarehe 4 Agosti 1944. Alikufa mwanzoni mwa 1945 katika kambi ya mateso ya Bergen-Belsen, akiwa na miaka 15. Kila bango lilikuwa na picha za familia upande mmoja, na upande wa pili mambo yaliyokuwa yakitokea nje ya nyumba yao mwaka uleule. Ukitazama huku, mtoto anacheza kwenye mchanga. Ukitazama kule, watu wanapiga saluti.

Waongozaji tulikuwa sisi wanafunzi. Ndivyo maonyesho yale yanavyofanya kazi yanapokwenda shuleni: kundi dogo hufundishwa, halafu ndilo linalowatembeza wenzao bango kwa bango. Tulifundishwa siku mbili. Mkufunzi aliweka picha sakafuni akauliza, "Mnaona nini?" Mmoja wetu akajibu kuwa anaona watu wenye huzuni. "Huzuni hujaiona. Umeona nini?" Kimya. Kisha sauti ndogo: "Naona mtoto ameshika mkono wa mtu mzima." "Haya. Anzia hapo."

Siku ya pili alibandika karatasi nne kwenye kona nne za chumba: mwathiriwa, mtendaji, mtazamaji, msaidizi. Tukagawiwa kadi zenye habari za watu wa wakati ule, kila mmoja aende kona anayodhani mtu wake anastahili. Karani aliyepiga chapa orodha za majina. Jirani aliyesikia lori likisimama usiku akavuta pazia. Tulibishana sana juu ya yule jirani. Mimi nilisema kwa sauti kubwa kuwa kuvuta pazia ni kutenda.

Sasa, palikuwa na binti mmoja shuleni. Alikuwa kidato cha pili, mimi kidato cha tatu. Alihamia shuleni kwetu katikati ya mwaka, familia yake imekimbia vita huko walikotoka, na siku ya kwanza mtu aliuliza, "Mgeni yuko wapi?" Jina likamganda. Mgeni, lete chaki. Mgeni, sogea. Naamini aliyelianzisha hakukusudia ubaya wowote, na najua wapo watu walioitwa Mgeni tangu kuzaliwa, na jina limewakaa vizuri. Lakini wahenga walimpa mgeni siku mbili tu, ya tatu akapewa jembe, akawa mwenyeji. Sisi tulimpa mwaka mmoja na nusu, na jembe hatukumpa.

Darasa lao lilikuja siku ya ufunguzi, saa tano. Nililipokea mlangoni. Mabango ya mwanzo yalikwenda vizuri. Tulipofika la mwaka 1942 nilisimama upande, kama tulivyofundishwa, nisizibe picha. Nikawaeleza jinsi amri zilivyowashukia Wayahudi wa Uholanzi baada ya Wajerumani kuiteka nchi ile mwaka 1940. Sinema, marufuku. Mabwawa ya kuogelea, marufuku. Mwaka 1941 watoto wao wakaondolewa kwenye shule zao na kupelekwa shule za Wayahudi peke yao, Anne akiwamo. Baadaye baiskeli, tramu. Mkufunzi alikuwa ametuonya tusizitaje amri zile haraka haraka, kwa kuwa hazikuja haraka haraka, na ndiyo maana watu walizizoea. Nikazitaja polepole, kwa vidole. Kisha nikaonyesha nyota: kuanzia Mei 1942, kila Myahudi mwenye umri wa miaka 6 na zaidi alilazimika kushona kwenye nguo yake nyota ya manjano yenye neno moja katikati, Jood, Myahudi.

Mkono ukanyooka.

"Samahani, dada. Hizo nyota walipewa, au walizinunua?"

Sikujua. Kwenye daftari langu halikuwamo. Nilikuwa bado natafuta la kusema pale sauti ya mvulana ilipotoka nyuma: "Mgeni kashaanza kuuliza bei."

Wakacheka.

Hapa nataka nifuate nilivyofundishwa, niseme nilichokiona. Jua lilikuwa linaingia dirisha la kushoto na kuipiga plastiki ya bango, nusu ya picha imepotea kwenye mng'ao. Mwalimu alikuwa mlangoni anahesabu majina kwenye rejesta, kichwa chini. Kicheko chenyewe kilikuwa chepesi, cha watoto waliochoka kusimama. Mkono wa yule binti ulibaki hewani kidogo, haujui kama swali limekwisha. Kisha ukashuka. Kumbukumbu yangu inasema haukushuka mpaka chini, ulisimama kifuani, upande wa kushoto, ukashika ukosi wa shati. Kwa miaka mingi nimekuwa na hakika na jambo hilo, na sasa sina tena. Huenda nimeuweka mkono pale mimi mwenyewe baadaye.

Ninalolikumbuka bila shaka ni uso wa mvulana. Hakuwa anamtazama yule binti. Alikuwa ananitazama mimi, kwa uso wa mtu anayesubiri.

Nikatabasamu.

Lilikuwa tabasamu dogo, la sekunde moja. Halafu nikasema, "Swali zuri. Twende bango linalofuata," nikatangulia, nao wakanifuata, viatu vikiburuza sakafuni. Bango lililofuata lilihusu wasaidizi: Miep Gies na wenzake wachache wa ofisini, waliowapelekea watu wanane chakula, vitabu na habari za mjini muda wote wa maficho, wakijua kuwa wakigunduliwa wataadhibiwa. Nililieleza vizuri sana. Nilitaja jinsi Miep alivyoziokota karatasi za Anne baada ya watu wale kukamatwa, akazihifadhi bila kuzisoma, mpaka Otto Frank, baba, aliporudi peke yake kati ya wale wanane. Wasichana wawili walifuta machozi. Sauti yangu haikutetemeka hata mara moja. Yeye alikuwa amesimama nyuma ya wote, na hakunyoosha mkono tena.

Jioni nilimfuata mkufunzi, nikamuuliza habari za nyota. Akaacha alichokuwa anafanya. Walizinunua, akasema. Senti 4 kila moja, na juu yake kuponi ya mgawo wa nguo, kwa kuwa nyota ilihesabiwa kama kitambaa. Mtu mmoja, nyota nne kwa kuponi moja. Walizilipia kwa fedha zao.

"Nani ameuliza?"

"Mwanafunzi wa kidato cha pili."

"Anaitwa nani?"

Nilifungua kinywa. Neno lililokuja ulimini lilikuwa lile moja tu, na mbele ya mzee yule, katikati ya mabango yale, halikutamkika. Nikasema sijui. Akanitazama kidogo, akasema, "Mtafute umjibu."

Sikumtafuta kesho yake, wala keshokutwa. Niliongoza madarasa mengine. Nilisema mara nyingi kwamba kati ya Wayahudi wapatao 140,000 waliokuwa Uholanzi, zaidi ya 100,000 waliuawa, na kila nilipoitaja hesabu hiyo watoto walinyamaza, na mimi nilijiona nafanya kazi kubwa. Nilikuwa naifanya kweli. Naamini hivyo mpaka leo. Yapo mambo ambayo mtoto huyasikia tofauti yakisemwa na mtoto mwenzake, na kila shule ingepata makasha yale ningefurahi. Lakini nikikaa peke yangu najiuliza lile tabasamu liende kona ipi kati ya zile nne, na sijapata kona ambayo inanitosha.

Siku ya mwisho tulikunja mabango. Mlangoni palikuwa na meza yenye kitabu cha wageni, na mimi nilipewa kazi ya kukifunga kwenye bahasha. Nikaanza kukipekua. Kila ukurasa ulikuwa umejaa: nimejifunza mengi, tusibaguane, vita ni mbaya, Mungu awarehemu. Karibu na mwisho kulikuwa na mistari miwili iliyoandikwa kwa herufi kubwa, kwa kalamu iliyokandamizwa mpaka ikatoboa karatasi. Sehemu ya maoni. Hapakuwa na maoni. Palikuwa na majina matatu kamili, lake, la baba na la babu, na darasa lake.

Ndiyo mara ya kwanza nililiona. Nililisoma mara mbili, nikifuata herufi kwa kidole, maana lilikuwa la lugha ya kwao na sikujua pa kuweka mkazo.

Nikamkuta ukumbini anapanga viti.

"Uliuliza habari za nyota," nikamwambia. "Walizinunua. Senti 4 moja, na kuponi ya nguo."

Akasimama na kiti mkononi, akafikiri.

"Na aliyekataa kuivaa?"

"Alifungwa."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayeweka kitu mahali pake. "Asante, dada." Akaweka kiti juu ya kingine, akaenda kuchukua kinachofuata.

Nilikuwa nimelisoma jina lake muda mfupi uliopita. Lilikuwa mdomoni, lote. Ningeweza kumwita tu, kwa jina, hata kama ningekosea mkazo, hata kwa kumwambia asante. Mwalimu akaniita nje niende nikahesabu makasha, nikaenda. Mwaka uliofuata familia yao ilihama tena, na darasani kwao kiti chake kikapewa mtu mwingine. Siku hizi humtafuta kwenye intaneti mara mojamoja. Wapo wengi wenye jina la kwanza kama lake. Wenye yote matatu, sijampata hata mmoja.

Jana jioni bango letu jipya lilikuwa limeshatundikwa ukutani na harufu imeanza kupungua. Nilisubiri wenzangu waondoke. Nikazima feni ili pawe kimya, nikalitamka jina lake, majina yote matatu, kwa sauti, polepole. La pili bado sijui mkazo unakaa wapi.