IST na Milima ya Udzungwa

Safari tuliipanga wiki mbili, na karibu mipango yote ilikuwa ya gari langu, Toyota IST ndogo. Kutoka Dar es Salaam hadi Mang'ula, yaliko makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, ni kama kilomita 350, na jirani yangu alishanitia hofu: "IST na milima, wapi na wapi?" Nikaipeleka gereji ikawekewa spesa ili inyanyuke. Nikabadilisha breki pedi, nikanunua tairi mbili, jeki na dumu la maji ya rejeta. Mke wangu akiuliza tutavaa nini miguuni, namjibu raba zipo.

Tuliondoka saa kumi alfajiri kukwepa foleni ya Kibaha. Shemeji alikaa mbele, kazi yake moja tu: kuchungulia trafiki wenye tochi za kupimia mwendo kwenye vibao vya 50. Morogoro tulikunywa chai na chapati, Uluguru ikiwa bado imejifunika ukungu.

Mbele ya hapo barabara kuu inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi. Kuna bango la faini za wanyama, kila mnyama na bei yake ukimgonga; shemeji alilisoma kwa sauti kama menyu. Tembo na mwanawe wakavuka taratibu, na lori kubwa la mizigo, na trela lake, likasimama kuwasubiri.

Mikumi mjini tukakata kushoto, njia ya Ifakara. Kidatu unavuka Ruaha Mkuu, kisha ni miwa, miwa, miwa, na upande wa kulia mlima umesimama kama ukuta, msitu tangu chini hadi juu.

Getini hawapokei fedha taslimu, hilo tulishajua. Nikauliza njia ya gari inaanzia wapi.

"Hapa hakuna njia ya gari, kaka," askari akasema, akiitazama IST yangu iliyonyanyuliwa. "Ndani ni miguu tu."

Kilomita za mraba 1,990, hifadhi tangu 1992, na watalii wote wanatembea! Mke wangu hakusema kitu. Alitazama raba zangu.

Tukarudi na mwongozaji hadi kijiji cha Sanje, gari tukaliacha kivulini, tukaanza kupanda kwa miguu kwenda Maporomoko ya Sanje. Mwendo wa nusu saa tu, soli ya raba ya kulia ikaachia mdomo. Kila hatua: pwa, pwa. Mwongozaji akachomoa kamba mfukoni, akaifunga mizunguko mitatu, fundo juu ya vidole. "Mzee, utafika." Mbega wekundu walikuwa wakirukaruka juu yetu. Ngolaga wa Sanje, aina ya kima ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979 na hapatikani nje ya milima hii, tulimsikia sauti tu. Mwongozaji alisimama, akainua kidole, tukanyamaza.

Maporomoko yenyewe yanashuka kwa ngazi tatu, jumla mita 170 hivi. Tukaingia kwenye maji tukipiga kelele kwa baridi. Ukigeuka, bonde lote la Kilombero liko chini yako, kijani cha miwa hadi macho yanapoishia.

Tuliporudi Dar, jirani alikuwa akinisubiri kwa hamu: IST ilipandaje?

Nikamwambia ilipaki vizuri sana.