Siku moja maishani mwangu: kudai haki za walemavu hapa Dar

Saa 11 alfajiri nishaamka, maana mwendokasi ya Kimara ukizubaa watu washajaa mlangoni na kiti mwendo changu hakipiti. Ila nisiseme uongo, tangu ianze 2016 ndo usafiri wangu, kituo kiko levo moja na mlango wa basi, unasukuma unaingia. Daladala? Konda anakuangalia hivi, anagonga bodi, twende!

Saa 2 ofisini. Chumba kimoja tu, chama cha watu wenye ulemavu cha wilaya. Leo kaja mama mmoja haoni, kikundi chao wanatengeneza sabuni na wanataka mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, isiyo na riba, akina mama 4, vijana 4, sisi wenye ulemavu 2. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Maombi sasa mtandaoni, na simu yake inamsomea kila kitu kizungu, jina la kata yake linatoka utadhani ni mtaa wa Marekani, basi tukakaa tunajaza kipengele kwa kipengele mpaka saa 4 na nusu.

Saa 5 tuko kwa mwajiri mmoja. Mkutano gorofa ya pili, lifti hamna. Walinzi wakataka kunibeba kama gunia la mkaa nikagoma, kiti kibaki chini mimi niko juu, nikitaka msalani je? Nikasema bosi ashuke yeye. Akashuka, tukaongelea mapokezi.

Sheria namba 9 ya 2010 inasema ukiwa na wafanyakazi 20 na kuendelea, asilimia 3 wawe watu wenye ulemavu. Huyu ana 24. Akatoa kalkuleta, "inakuja 0.72, huyo si mtu." Mwenzangu kiziwi, wa CHAVITA (Chama cha Viziwi Tanzania), akamtazama mkalimani wake mpaka mwisho halafu akajibu kwa alama: mwambie tutamletea mtu mzima, hiyo 0.28 ni ofa. Bosi kacheka mpaka kavua miwani.

Saa 8 wali maharage, na kubishana hela ya mkalimani itatoka fungu gani, wafadhili wengi hiyo hawaioni kabisa.

Jioni ripoti ya SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu nchini, umeme ukakatika, nikamalizia kwenye simu.

Saa 1 usiku niko kwenye foleni ya basi, tangazo la kazi la yule bosi likaingia. Nafasi ya stoo, mshahara mzuri tu, chini kabisa kaandika "awe mkakamavu na asiye na tatizo la kiafya." Kesho asubuhi nampigia.