Gari inayonificha barabara

Leo Jumapili mama hatoki, gari imeshaoshwa ipo uani, na mi nimeona niandike hili jambo sasa hivi kabla sijalizoea. Nikishazoea najijua, nitaanza kusema ah gari ni gari tu.

Kwa ambao hawanijui, mi ni dereva wa nyumbani. Namwendesha mama mmoja mfanyabiashara wa Mbezi Beach, na miaka yote tulikuwa na Land Cruiser VX ya V8, lile shangingi ambalo ukifika nalo mahali mlinzi anafungua geti kwanza halafu ndo anauliza unaenda kwa nani. Sasa mwezi huu mama kaleta Mercedes GLS mpya, nailoni bado zipo kwenye siti, tena siyo ile ya kawaida, ni yenye mfumo wa miguu, yaani springi na shokapu zinazobeba gari, ambao wenyewe Wajerumani wanauita E-Active Body Control. Nilivyosikia hilo jina nikasema haya, majina ya kuuzia gari hayo. Nikakaa kimya nisubiri barabara iseme.

Shida ndo hiyo, barabara haisemi kitu.

Nawaeleza. Mi kuendesha nimefundishwa na mzee mmoja wa zamani aliyekuwa dereva wa Peugeot 504, na somo lake kubwa halikuwa usukani wala gia, lilikuwa makalio, samahani kwa lugha. Alikuwa anasema lami inakuja kwenye siti kabla haijafika machoni, ukiisikia siti unajua tairi ipi ina upepo mdogo, bushi ipi imeanza kuisha, hapa pana mchanga, hapa lami imetitia kwa sababu malori yanasimamia hapo. Na kweli kwenye VX nilikuwa najua Barabara ya Bagamoyo kwa mgongo, ungenifunga macho ningekwambia tumefika Tangi Bovu au tumeshapita Africana. Sasa nimekaa kwenye hii GLS siku ya kwanza natoka nayo, tumepita kwenye rasta ambapo VX ilikuwa inapiga trrrr mpaka miwani ya mama inacheza puani, na hii nimesikia kamlio kadogo tu kwa mbali chini huko, siti haijasema lolote, usukani haujasema lolote, na mama huku nyuma anaendelea kuandika meseji.

Halafu tukafika tuta la kuingilia kwetu, lile refu ambalo halijapakwa rangi, nikapunguza mwendo kama kawaida yangu nikalipanda taratibu, tukashuka. Baada ya kama nusu dakika mama ananiuliza, "Baba Rehema, lile tuta wamelitoa?" Nikamwambia hapana mama, tumeshalipita. Akacheka sana. Mi nikacheka pia ila kuna kitu kilinichoma kidogo, niseme tu ukweli, kwa sababu kazi yangu kwa huyu mama miaka yote ilikuwa ni hiyo, yeye asijue kama kuna tuta. Chai yake ya asubuhi anakunywa njiani na haijawahi kumwagika, na ilikuwa haimwagiki kwa sababu yangu. Sasa kuna kompyuta inanidai hiyo sifa.

Basi nikaanza kuichimba, maana siwezi kuwa na mshindani nisiyemjua. Nilivyoelewa ni hivi. Kila tairi ina springi ya hewa badala ya ile ya chuma, na shokapu yake ni ya mafuta, ila kwenye hiyo shokapu kuna pampu yenye mota ya umeme inayosukuma mafuta, na umeme wenyewe siyo ule wa volti 12 tuliouzoea, ni volti 48. Kwa hiyo gari haisubiri tairi ipigwe na shimo ndo shokapu imeze, inaweza yenyewe kuunyanyua mguu mmoja au kuukandamiza, kila mguu kivyake. Na juu kwenye kioo cha mbele kuna kamera inaangalia lami mbele yetu, ikiona tuta linakuja inaiambia ile miguu ijiandae. Yaani mguu unajua kuna tuta kabla tairi haijalifikia. Kitu chenyewe walianza nacho kwenye S-Class ya 2013, wakakiita Magic Body Control, na kabla ya hapo kuanzia 1999 walikuwa na mfumo wa mafuta uliokuwa unafanya kazi inayofanana ila hauna macho. VX yetu nayo haikuwa mshamba jamani, ile ilikuwa na mfumo unaitwa KDSS, stabilaiza zake, vile vyuma vinavyozuia gari isilale kwenye kona, zimeunganishwa kwa mabomba ya mafuta, kwenye lami zinakaza na kwenye makorongo zinalegea, ni akili nzuri sana ile na nitaitetea mpaka kesho. Ila haioni mbele.

Kwenye kusoma huko nikakutana na Wafaransa, kumbe wao walianza zamani, 1955 walitoa Citroën DS, gari inakaa juu ya mafuta na gesi, kazi ya fundi mmoja anaitwa Paul Magès, ukiizima inalala chini, ukiiwasha inanyanyuka. Tarehe 22 Agosti 1962 rais wao de Gaulle alimiminiwa risasi akiwa kwenye hiyo gari pale Petit-Clamart, karibu na Paris, tairi zikapasuka na gari ikatoka nduki hivyo hivyo mpaka wakaokoka. Kila anayesimulia anaisifia gari, miguu ya mafuta, sijui nini. Dereva alikuwepo bwana! Anaitwa Francis Marroux. Tairi zimepasuka, risasi zinalia, rais yuko nyuma na mke wake, na yule mtu hakukanyaga breki, alikanyaga mafuta. Nimelisoma hilo jina mara mbili tatu nikajisikia vizuri mwenyewe bila sababu.

Haya turudi Dar. Ipo batani ya kunyanyua gari juu, hiyo nimeipenda bila maneno mengi, mvua zile za Aprili ndo itajibu. Ukijaza mizigo nyuma gari haikai kitako, inajipima na kurudi sawa, wakati VX ukiweka magunia ya mchele ilikuwa inaangalia mawingu. Ikifika spidi kubwa inajishusha yenyewe. Sawa. Halafu kuna ile ya kujinasua kwenye mchanga, gari inajinyanyua na kujiachia juu chini, juu chini ili tairi zipate kukanyaga vizuri, watoto wa mama wakaigundua wakaniomba niiwashe pale uani na mi nikakubali, gari tani mbili na zaidi ikaanza kuruka pale kama imewekewa singeli, bodaboda wawili nje ya geti wakasimamisha pikipiki kurekodi. Mama akatoka kibarazani akaangalia, akarudi ndani. Hakusema kitu, na nikaizima.

Kitu ambacho nataka wenzangu madereva wakielewe ni spidi. Gari ikikuficha barabara inakuficha na spidi pia. Juzi asubuhi tumetoka kabla ya foleni, natelemka Daraja la Tanzanite, bahari huku na huku, kimya kabisa ndani, najiona natembea mwendo wa kanisani, macho yanaenda kwenye dashibodi nakuta namba ambayo siwezi kuiandika hapa kwa sababu mama ana simu na anasoma. Kwenye VX mwili ungeshaniambia zamani, upepo, mngurumo, usukani ungekuwa mwepesi. Hapa mwili hauambiwi chochote. Kwa hiyo sasa hivi naendesha kwa macho na akili, nasoma ile namba kama mwanafunzi wa shule ya udereva, na jioni naumwa kichwa kidogo, nadhani ni hiyo.

Na kamera nayo ina mipaka yake, watu wasidanganyane. Kamera inaona juu ya kitu, haioni chini yake. Shimo lililojaa maji kwa kamera ni maji yaliyotulia, tambarare safi, na sisi wa Dar tunajua dimbwi linaweza kuwa na kina cha inchi tatu au linaweza kuwa chemba isiyo na mfuniko. Kona ya kuingia mtaani kwetu kuna dimbwi la hivyo, mi ndo najua upande wa kushoto kuna jiwe, najua kwa sababu nililiona wakati wa kiangazi. Hapo Benzi inanitegemea mimi. Na hizi tairi zenyewe zina ukuta mwembamba na rimu kubwa kama sinia la pilau, ukiingia vibaya kwenye shimo lenye ncha hakuna volti itakayookoa rimu. Pale walipochimba kwa ajili ya njia za mwendokasi na wameweka mchepuko wa kifusi, mi napita kwa adabu ile ile niliyokuwa napita na VX, hata nikipigiwa honi.

Fundi wangu wa gereji nilimpelekea aione tu, siyo kuigusa. Akainama chini akaangalia, akanyanyuka anajifuta mikono ambayo hata haikuchafuka, akasema, "Kaka, hii ikianza kulia usiniletee." Anaongea kwa uzoefu, kwake pale uani zipo gari mbili za kifahari za zamani zimekaa kitako tako chini, mpira wa springi ya hewa umechanika kwa joto na uzee, hewa ikawa inavuja, kompresa ikawa inajaza usiku na mchana mpaka ikaungua. Mwenye moja kaamua kufungiwa springi za chuma za kawaida, anasema hajutii. Ya mama ni mpya na ina waranti yake, hiyo mi hainisumbui kwa sasa. Atakayeinunua mkononi baada ya miaka kumi ndo namwonea huruma.

Jambo moja nakiri nimelikubali moyoni, nalo ni kona. Hii gari ina mpangilio ambao ukiingia kona yenyewe inalalia ndani, kama mwendesha pikipiki, siyo sana, wanasema mpaka digrii tatu, ili abiria asivutwe pembeni. Nimejaribu barabara ya Goba kwenye ile milima na kona zake nikiwa peke yangu, chupa ya maji niliyoisimamisha siti ya pembeni haikuanguka. Na kipilefti inakuwa starehe. Kwanza inatisha kidogo maana mwili unasubiri gari ilale nje, halafu inalala ndani, ukishaelewa unataka kona nyingine.

Mama amesema mwisho wa mwezi twende Lushoto kwa dada yake. Kutoka Mombo kupanda kule ni kona juu ya kona, na yeye kona zinamsumbua tangu zamani, VX ilikuwa lazima tusimame njiani apigwe na upepo. Nimemwambia safari hii tutafika bila kusimama. Ndimu zake nitabeba hivyo hivyo.