Mama, Nyangumi na Deni la Bwana Seward

Mama alikubali safari ya meli ya kwenda Alaska kwa sharti moja: asipandishwe kitu chenye ngazi nyingi. Magoti yake, alisema, hayakuomba kuja Marekani. Alikuwa amekuja kututembelea Seattle akitokea Tanga, na kila akichungulia dirishani na kuona mvua na kibaridi aliniuliza inakuwaje watu wenye akili zao watoe pesa kwenda kutafuta baridi zaidi. Aliyemshinda ni binti yangu. Alimwonyesha bibi yake picha ya nyangumi aliyejirusha juu ya maji mzima mzima, na Mama, ambaye ni mtoto wa mvuvi wa Tongoni, akaitazama kwa muda kisha akasema, "Huyo nitakwenda kumwona."

Basi ratiba nzima niliipanga kwa kufuata magoti ya Mama, na ndugu na marafiki wanaponiuliza wafanye nini wakishuka melini, majibu yangu yanatoka huko.

Kabla ya makoti kuna viza. Meli nyingi kubwa zinazoondoka Seattle zimesajiliwa nchi nyingine, na sheria ya Marekani ya mwaka 1886 haiziruhusu kuchukua abiria hapo na kuwarudisha hapo hapo bila kugusa nchi ya kigeni. Ndiyo maana hupitia Victoria, Kanada, hata ikiwa ni kwa saa chache za jioni. Mgeni mwenye pasipoti ya Tanzania anahitaji viza ya Kanada, na ile ya Marekani iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, la sivyo kurudi nyumbani kwa mwanawe kutakuwa kazi. Mama alichukuliwa tena alama za vidole, akalalamika kwamba sasa vidole vyake vinajulikana na serikali nyingi kuliko yeye mwenyewe. Shughulikieni hilo kabla ya kulipia chochote.

Bahari nayo. Meli ya kutoka Seattle hupita nje ya Kisiwa cha Vancouver, kwenye Pasifiki ya wazi, na huko mawimbi hayana utani. Anayeogopa kuyumba bora aanzie mji wa Vancouver, ambako meli hupenya kwenye mikondo iliyokingwa na visiwa. Mimi nililala chali na kipande cha tangawizi mdomoni. Mama alikwenda kwenye bafe na mjukuu wake, akarudi na habari za samaki aliyempata na nyama aliyoikwepa.

Swali lake la kwanza la maana lilikuwa kibla. Nikafungua programu ya simu, ikaonyesha kaskazini, karibu kaskazini kabisa. Hakuamini. "Hiyo ni kibla ya Tanga, mwanangu. Simu yako imechanganyikiwa." Lakini haikuwa imechanganyikiwa. Tanga na Makka ziko karibu kwenye mstari mmoja, mmoja kusini na mwingine kaskazini, nasi Alaska tulikuwa karibu upande wa pili wa dunia, ambako njia fupi ya kwenda Makka hupita karibu na ncha ya kaskazini. Kwa hiyo kibla ni ile ile aliyoizoea. Shida ilikuwa jua. Mwezi wa Juni, Juneau, jua huzama baada ya saa nne usiku na kuchomoza kabla ya saa kumi alfajiri, na katikati hapo giza lenyewe halikamiliki. Mama alizijumuisha sala zake kama msafiri na kuziba dirisha kwa khanga ili alale.

Juneau ndio mji mkuu wa Alaska, na hakuna barabara inayouunganisha na mji mwingine wowote. Unafika kwa meli au kwa ndege. Ukishuka tu gatini unakutana na maduka ya vito. Tuliingia moja kwa ajili ya joto, na muuzaji akamweleza Mama kwa upole sana habari za tanzanite, jiwe la buluu linalopatikana sehemu moja tu duniani, karibu na Mlima Kilimanjaro, Afrika. Mama akamwacha amalize. Kisha akaniambia, "Mwambie Mirerani nina mpwa." Sikumwambia. Maduka hayo utayakuta tena Skagway na tena Ketchikan, kwa hiyo usiyape muda wako hata kidogo.

Pesa yetu kubwa tuliiweka kwenye boti ya nyangumi, na ningeiweka hapo tena. Boti hizo huondokea Auke Bay, mwendo mfupi wa basi kutoka mjini. Chagueni ndogo, yenye sehemu ya ndani ya kuketi na choo, na muulize mapema kama kuna ngazi ya kupanda. Yetu ilikuwa na ubao mpana na kizingiti kimoja, na kijana wa boti alimshika Mama mkono kwa adabu zote.

Nyangumi wa huko ni wale wenye kibyongo mgongoni. Majira ya baridi wengi wao huwa Hawaii, wanazaa na kunyonyesha, na huko hawali kitu cha maana. Kisha wanasafiri maelfu ya kilomita kwenda kushiba kwenye maji baridi ya Alaska. Mwongozaji alipoeleza hivyo nikamtafsiria Mama. "Yaani wanasafiri safari yote hiyo kuja kula tu?" akauliza. Akawaza kidogo. "Kumbe tuko sawa na wale wa melini."

Sheria inaitaka boti ikae angalau yadi 100 kutoka kwa nyangumi, lakini nyangumi hawajaisoma. Nahodha alikuwa amepunguza mashine, watu wote wamejaa upande wa kulia, na Mama peke yake amebaki kushoto kwa sababu upande huo ulikuwa na kiti. Ghafla maji yakapasuka karibu yake. Pumzi ikatoka kwa kishindo, ukungu ukapanda juu ya vichwa vyetu, na harufu ikatushukia: soko la samaki la Deep Sea, Tanga, saa nane mchana, siku ambayo barafu imewaishia. Binti yangu akaziba pua. Mama hakuziba. Aliyaona matundu ya pumzi yakijifunga, ngozi nyeusi yenye makovu meupe ikiteleza, kisha mkia ukainuka ukichuruzika maji na kuzama bila kurusha tone. Upande wa chini wa mkia una mabaka meupe, na kila nyangumi ana yake; kwa mabaka hayo ndipo watafiti wanapowatambua mmoja mmoja. Baba yake, Mama alisema, aliwaona mara kadhaa akiwa baharini na nyumbani hawakumsadiki. Kwetu wao hupita kuanzia Julai, wakitoka kusini. Aliomba picha zote zitumwe kwenye kundi la familia siku hiyo hiyo, na intaneti ya melini ni ghali mno, kwa hiyo tulizituma mjini.

Mendenhall tulikwenda mchana kwa basi la watalii. Ni mto wa barafu wenye urefu wa kilomita 20 hivi, unaoshuka kuelekea ziwani. Wenye magoti mabovu wana njia fupi ya lami inayofika mahali pa kutazamia. Wenye nguvu waende mpaka maporomoko ya Nugget, njia tambarare, kama kilomita tatu kwenda na kurudi. Mama alibaki na darubini, mimi na mtoto tukaenda kulowana. Kituo cha wageni kilifunguliwa mwaka 1962, na tangu hapo barafu imerudi nyuma sana mpaka sasa unaitazama kwa mbali, ng'ambo ya maji. Rangi yake ni buluu kwa sababu imeshindiliwa mpaka hewa ikatoka. Nuru nyekundu humezwa ndani, buluu ndiyo inayotoka. Helikopta za kukushusha juu yake zipo. Bei zake zilinifanya nifunge simu, na siku yenye ukungu haziruki.

Suala la kununua ziara melini au kwa watu wa mjini linaulizwa kila mara. Ukinunua melini, meli itakusubiri mkichelewa. Ukinunua mwenyewe, haikusubiri, na utaiona ikiondoka. Kwa Juneau, ambako ziara ni nyingi na meli hukaa muda mrefu, mimi hununua kwa watu wa mjini na kuacha nafasi ya saa mbili. Na angalieni saa: Alaska iko nyuma ya Seattle kwa saa moja, simu hubadilika yenyewe na saa ya mkononi haibadiliki.

Skagway nitaipitia haraka. Tulipanda treni ya White Pass, reli nyembamba iliyojengwa kati ya 1898 na 1900 kwa ajili ya watu waliokimbilia dhahabu ya Klondike, huko Kanada. Inapanda karibu mita 870 katika kilomita 32, kwenye kingo za mwamba. Reli yetu ya Tanga ilianza kujengwa 1893, na Mama aliipanda utotoni mpaka Korogwe, kwa hiyo alikuwa na maoni kuhusu kila kona. Kabla ya treni watu walipanda kwa miguu na wanyama, kwa kuwa polisi wa Kanada hawakumruhusu mtu kuingia bila mahitaji ya karibu mwaka mzima, uzito wa kama tani moja. Farasi na punda wapatao 3,000 walikufa kwenye njia hiyo. Hapo Mama aliacha kutoa maoni. Msigombanie viti: wakati wa kurudi abiria hubadilishana upande. Safari ya kileleni na kurudi haihitaji pasipoti kwani hamshuki. Zile ndefu zinazoingia Kanada zinahitaji.

Glacier Bay, hifadhi ya ghuba yenye mito ya barafu, hakuna kushuka. Meli kubwa zinazoruhusiwa kuingia ni mbili tu kwa siku, na askari wa hifadhi hupanda kwa boti ndogo na kueleza kwa kipaza sauti. Msilipie chumba chenye kibaraza kwa ajili ya siku hiyo peke yake, kwa sababu mbele ya barafu ya Margerie meli hugeuka taratibu mpaka pande zote zimeona. Tulisimama sitahani na bakuli za supu ya njegere. Kipande kinaanguka kwanza, kisha mlio unafika, mkavu. Ukisubiri mlio ndipo ugeuke, umeshachelewa. Mama alikamata kimoja. Mimi sikukamata.

Ketchikan ilinyesha, kama kawaida yake. Mvua ya mwaka huko ni karibu milimita 3,800. Wengi huishia Creek Street, nyumba za mbao juu ya mto. Sisi tulipanda basi la mji mpaka Saxman, kijiji cha Watlingit, wenyeji wa asili wa pwani hiyo, kilomita chache kusini, na hapo ndipo Mama alipokataa kuondoka. Kuna nguzo ndefu za mwerezi zilizochongwa, kila moja ikiwa na habari ya ukoo au tukio. Katika banda la kuchongea fundi alikuwa na gogo mbele yake na tezo mkononi. Mama aliitambua mara moja. Mafundi wa majahazi kwetu hutumia hiyo hiyo, na akasimama akiangalia vipande vyembamba vinavyoruka, akinieleza lini fundi anageuza mkono.

Lakini kilichompendeza zaidi ni nguzo ya Bwana William Seward. Huyo ndiye waziri wa mambo ya nje wa Marekani aliyeinunua Alaska kutoka Urusi mwaka 1867 kwa dola milioni 7.2, bila kuwauliza wenyeji. Mwaka 1869 alikuja kuitazama, na chifu wa Kitlingit akamfanyia karamu na kumtunza zawadi. Kwa desturi yao aliyetunzwa ana deni, siku moja naye atarudisha. Seward akaondoka, na hakurudisha. Basi wakamchonga, wakamweka juu ya nguzo, wakampaka pua na masikio rangi nyekundu, alama ya ubahili, wapita njia wote wamwone.

Mama alicheka mpaka akashika nguzo ya jirani. Nyumbani kwake Tanga analo daftari lenye majina ya waliomtunza kwenye harusi zetu zote, nani doti ya khanga, nani vyombo, nani shilingi ngapi, na analisoma kabla ya kwenda kwenye harusi ya mtu. Akataka kujua kama familia ya Seward imeshalipa. Nikauliza. Mwongozaji wetu alisema hana habari hiyo. "Basi waiache hapo hapo," Mama akasema, "na rangi waiongeze kila mwaka."

Tulikaa Saxman mpaka basi la mwisho lililotufaa. Kwa bei ya tiketi tatu za basi na kiingilio, sijui ziara nyingine ya safari ile iliyomfurahisha mtu mzima kiasi hicho.

Victoria tulifika jioni, taa zimewaka, na mabasi yakisubiri wanaokwenda kwenye bustani za Butchart. Nikamletea Mama koti na pasipoti yake yenye ile viza iliyotuhangaisha. Alikuwa ameshavua viatu, chai iko mbele yake.

"Nendeni nyie," alisema. "Mie Kanada nimeshaiona kutoka hapa."

Mimi na binti yangu tukashuka, tukatembea kidogo kandokando ya maji, tukarudi. Usiku huo mizigo mikubwa huwekwa nje ya mlango ichukuliwe na wahudumu. Bakizeni dawa, pasipoti na nguo za asubuhi.