Nilivyoupata mzambarau wangu kwa kokwa

Mara ya kwanza nilipanda kokwa ishirini za zambarau, haikuota hata moja. Nilizianika juani, nikazitia kwenye chupa, nikangoja masika kama nifanyavyo kwa mahindi. Nikaishia kumwagilia udongo mtupu.

Aliyenifumbua macho ni mama mkwe wangu wa Muheza. "Mwanangu, kokwa ya zambarau haiwekwi akiba. Ukila, panda." Ni kweli kabisa: ikikauka imekufa, na hata ukiihifadhi kivulini, baada ya wiki mbili hivi usiitegemee.

Msimu uliofuata nilikula, nikaosha kokwa mpaka utelezi ukaisha, nikazifukia siku ileile kwenye viriba vya udongo na samadi iliyooza. Wiki ya pili zilianza kuchomoza. Baadhi zilitoa miche miwili, moja ikatoa mitatu! Kumbe ndiyo tabia yake, kokwa moja yaweza kubeba viini kadhaa. Nilibakiza mche wenye nguvu, mingine nikaing'oa, na roho iliniuma.

Kazi hasa ni kuuhamisha. Mzambarau huteremsha mzizi mkuu mapema, na mche ukikawia kwenye kiriba mzizi hujisokota. Wangu niliutoa ukiwa na futi moja tu. Kwao Bara Hindi mti huu huota wenyewe misituni na kandokando ya mito, basi nikauchimbia shimo karibu na mfereji wa maji ya bafuni na kuujengea kivuli cha makuti. Baada ya mwaka wa pili sikuumwagilia tena.

Ulizaa mwaka wa tisa. Nilitamani kuchuma zilipogeuka nyekundu, lakini nilivumilia mpaka zikawa nyeusi za kung'aa, maana kabla ya hapo ukakasi wake hufunga ulimi. Hata zilizoiva nazitia chumvi kwenye bakuli, nalifunika, nalitikisa, kisha naziacha kama saa moja. Utamu wake hapo hauna mfano. Matawi ya juu nawaachia popo. Sina ngazi ya kufika huko, nao wana njaa yao.

Bakuli la kwanza nililipeleka Muheza. Mama mkwe alikula polepole, akakusanya kokwa kiganjani, akanirudishia zote.

"Leo hii," akasema, "kabla jua halijazama."