Miche yangu ya rozela na safari ya Kamanga

Kwanza mjue kipindi hicho nilikuwa na rasta, ndefu, zinagusa mabega, na hilo ndo limechangia nusu ya haya ninayosimulia.

Ilikuwa 2021, nakaa Mabatini, Mwanza, chumba kimoja kwenye zile nyumba zilizopandana juu ya mawe. Dirisha langu linaangalia mwamba, yaani unafungua pazia unakutana na jiwe uso kwa uso. Watu wa Mwanza mnanielewa, wengine mtaona natania ila mji wetu ndo ulivyo, jiwe likishakaa mahali nyumba ndo inalizunguka. Jua lilikuwa haliingii kabisa ila joto lipo la kutosha maana lile jiwe linashinda juani kutwa nzima afu usiku linakurudishia chumbani bila kubakiza.

Mbegu za rozela nilipewa na jamaa mmoja wa Dodoma niliyekuwa nafanya nae kazi. Wengine wanaita choya, ile inayotoa juisi nyekundu kali ya uchachu. Kilikuwa kibahasha kidogo tu, na mama mdogo wangu anakaa ng'ambo ya pili ya Ziwa Victoria, upande wa Kamanga kule Sengerema, ana eneo karibu na ziwa, tukakubaliana mi nioteshe yeye atoe ardhi. Kuotesha kwake moja kwa moja nilikataa. Yule mama ana kuku wasio na adabu na mbuzi wa jirani wanaingia muda wowote, na mbegu zenyewe ndo hizo chache, afu mvua za vuli huwa zinaanza Oktoba nami nilitaka zikianza zinikute tayari nina miche mikubwa.

Kwa hiyo nikaotesha chumbani. Viriba vidogo (vile vifuko vya kuoteshea miche), udongo nilichanganya na samadi iliyooza na mchanga kidogo, nikavipanga kwenye meza niliyokuwa nakulia chakula (chakula kikahamia kitandani), juu nikaning'iniza taa ya LED ya kawaida tu. Taa inawaka asubuhi mpaka karibu saa sita usiku. Sasa nyumba nzima tuna mita moja ya luku (umeme wa kulipia kabla), wapangaji wote tunachangia, na mwanga wangu unapita chini ya mlango mpaka usiku wa manane, unategemea nini? Mama mwenye nyumba akaanza maneno ya pembeni. "Huyu kijana wa chumba cha nyuma halali, anafanya nini?" Mtoto wa jirani akachungulia mlangoni siku nimeacha wazi, akaenda kutangaza kwamba anko analima majani ndani.

Majani! Ndani! Na anko ana rasta!

Sijui kama mmewahi kuiona rozela ikiwa changa. Majani ya kwanza yanatoka mazima, ya mviringo, hayana neno. Ila mche ukishakua kidogo yanaanza kuchanika, jani linakuwa na vidole vitatu mpaka vitano, vyembamba, pembeni vina meno meno. Ukiwa mbali na una wasiwasi moyoni unaona kitu kimoja tu, bangi. Na huku kanda ya ziwa ukitaja hicho kitu kila mtu kichwa kinaenda Tarime, kwenye taarifa za habari za mashamba yanayofyekwa na kuchomwa moto, na sheria ya dawa za kulevya ya 2015 haina utani kabisa na mtu anayelima. Hakuna mpangaji anataka kulala ukuta mmoja na kesi ya namna hiyo.

Mjumbe alikuja. Alikuja kistaarabu, jioni, kavaa vizuri, akaanza na habari za kazi na habari za nyumbani mpaka nikamhurumia nikamwambia mzee shikamoo tena karibu ndani ujionee. Akaangalia, akainama, akanusa, akasema "mmmh". Nikamwambia tafuna. Akakataa kata kata! Mtu mzima na heshima zake atafune majani kwa rasta chumbani, ungekuwa wewe ungekubali? Akaondoka akasema tu hivi vitu nivipeleke shamba haraka, nami nikamjibu ndo mpango mzee wangu, ila haviwezi kwenda leo.

Na kweli visingeweza, maana miche iliyolelewa na taa ni ya ajabu. Imerefuka, shina jembamba, jani laini ukilishika kama tishu, haijawahi kuona upepo, haijawahi kuona jua. Sasa uitoe hapo uipeleke juani Mwanza mwishoni mwa Septemba, wakati ambao jua saa sita mchana linakuwa limesimama utosini hasa hasa (tuko kama nyuzi mbili na nusu tu kusini ya ikweta, na tuko juu zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo kale kaupepo ka ziwa kanakudanganya tu), jani linababuka linakuwa jeupe kama karatasi siku hiyo hiyo. Huo sio ugonjwa na wala dawa haina. Jani lililokulia kwenye mwanga hafifu linakuwa halijajijengea kinga, jua linaliunguza, basi. Lazima uizoeshe, wakulima wanasema kukomaza miche.

Hapo ndo lile jiwe la dirishani nikalipenda. Lilikuwa na kivuli upande wa magharibi mpaka karibu saa tano asubuhi, kwa hiyo nilikuwa natoa viriba naviweka kwenye ukingo wa jiwe kabla sijaenda kazini, jirani mmoja binti wa chuo ananisaidia kuvirudisha ndani kabla jua halijavifikia. Baada ya hapo nikaanza kuviacha vipate jua la asubuhi kidogo, kesho yake kidogo tena zaidi, na maji nikapunguza, nasubiri mpaka jani lionyeshe kulegea kidogo ndo namwagilia. Jioni napita na kiganja juu ya miche naisukuma sukuma huku na huku ili shina lijifunze upepo, binti wa chuo akawa ananicheka anasema napapasa majani kama mganga. Lakini shina lilibadilika kweli. Likawa nene, likaanza kuwa jekundu, jani likakaza likawa na rangi iliyoiva. Michache ilikufa, mbuzi alipanda jiweni akala mingine (mbuzi wa Mwanza anapanda popote), iliyobaki ilikuwa imara.

Safari yenyewe sasa.

Nikapanga viriba kwenye boksi mbili za biskuti zilizokatwa juu, majani yanachungulia nje, nikapanda bodaboda mpaka gatini kwenye kivuko cha kwenda Kamanga. Mchana, saa nane hivi, nilitaka kufika jioni maana miche haihamishwi mchana. Nimekaa kwenye foleni, rasta zangu, boksi zangu, naona watu wananipa nafasi. Kwenye foleni ya kivuko siku ya Jumamosi! Mwanza mtu hakupi nafasi hivi hivi. Afu nikasikia nyuma yangu, "kijana, hebu simama pembeni kidogo."

Afande. Hakuwa mkali, naweza kusema alikuwa amechoka tu na joto.

"Hii nini?"

"Shikamoo afande. Rozela hiyo."

"Rozela ndo nini?"

Nikaanza kueleza, na unajua ukieleza kitu cha kweli mbele ya askari kinaanza kusikika cha uongo. Nikasema ni ya juisi. Akasema juisi ya majani haya? Nikasema hapana afande, juisi inatoka kwenye vile vikombe vyekundu vya ua vinavyofunika tunda, sio kwenye majani, majani yenyewe huwa yanaliwa kama mboga. Akaniangalia rasta. Watu wameshajaa, simu ziko juu, jasho linanitoka na kivuko kinakaribia kuondoka.

Aliyeniokoa ni mama mmoja muuza dagaa, alikuwa amekalia ndoo yake pembeni muda wote kimya. Akainuka, hakuomba ruhusa kwa yeyote, akachuma jani moja kwenye boksi langu, akalikunja, akaliweka mdomoni. Gati zima likamtazama. Akatafuna taratibu, jicho moja likafumba, mashavu yakaingia ndani, akatema pembeni akasema kwa sauti, "Chachu! Afande we, hii si choya? Bangi gani inachachuka hivi?"

Watu wakaangua kicheko. Afande akachuma la kwake, nae akatafuna, nae akakunja sura, nikatumia nafasi hiyo kumwonyesha jani kwa karibu. Nikamwambia angalia, hili ni jani moja limechanika, vidole vimeungana huku chini, bangi kila kidole ni jani dogo linalojitegemea, vyote vinakutana kwenye kikonyo. Nilipomaliza tu nikajiona mjinga, maana sura yake ilisema wazi: na wewe umejuaje? Ila alicheka. "Nenda kijana. Na hizo nywele unyoe." Yule mama wa dagaa akanidai mche mmoja kama ada ya ushahidi nikampa miwili, akaiweka juu ya ndoo tukapanda.

Kwenye kivuko nilihangaika na upepo tu. Mchana upepo wa ziwani unavuma kuelekea nchi kavu na pale juu unapiga vizuri, miche niliyoizoesha kwa kiganja ikawa inalala kabisa, nikaishia kukaa chini katikati ya lori na gunia za mkaa boksi nimezikumbatia. Haikukatika hata mmoja. Nilijisikia fahari sana, nikataka kumwambia mtu, hakukuwa na wa kumwambia.

Mama mdogo alikuwa ananisubiri na jembe begani. Shamba lenyewe lilikuwa limesogea. Mwaka uliotangulia, Mei 2020, ziwa lilijaa mpaka likaipita ile rekodi ya 1964, na matuta yake ya chini yote ya mchicha na nyanya yakaingia majini, akabaki anayaangalia. Tangu hapo akapanda juu, mbali na maji, na kwa kweli ndo inavyotakiwa maana sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani, ila yeye sababu yake haikuwa sheria, ilikuwa viboko. Kiboko akitoka usiku kuja kula hasomi mita.

Tukasubiri jua lishuke. Mashimo tulichimba umbali wa kama mita moja moja, samadi kidogo chini, maji kwanza ndani ya shimo yanywe, afu mche. Rozela ina mzizi mkuu unaoshuka moja kwa moja na hautaki kuguswa guswa, kwa hiyo kiriba unakichana kwa wembe pembeni unakitoa taratibu udongo usivunjike. Mama mdogo alikuwa anavivuta kwa shina kama anang'oa karanga, nikapiga kelele mpaka akanikabidhi wembe akasema haya daktari fanya mwenyewe. Tukamwagia majivu kuzunguka shina kwa ajili ya sota, wale funza wanaokata miche usiku chini kabisa, tukakinga kila mche na kijiti chenye majani ya mgomba upande jua linakotokea. Asubuhi nikaenda kuangalia kabla ya chai: imenyooka, isipokuwa ile aliyoivuta yeye.

Mvua ilikuja. Ikakua, lakini ikaanza kutoa maua ikiwa bado mifupi, inanifika kiunoni. Sababu naijua. Rozela inahesabu giza, usiku ukiwa mrefu inajua muda wa maua umefika, na chumbani nilikuwa naidanganya na taa mpaka saa sita usiku. Imetoka hapo ghafla inakutana na usiku wa Mwanza, masaa kama kumi na mawili mwaka mzima. Ikaona basi, kazi imeisha, ikachanua. Mavuno yalikuwa mazuri tu, vikombe vinene, tulikausha kwenye mkeka juu ya paa la banda.

Ila kulikuwa na mimea mingine pembeni ya uzio, imenizidi urefu, ina matawi mengi na mzigo wa kutosha. Nikamuuliza mama mdogo hiyo imetoka wapi. Akasema zile mbegu zilizobaki kwenye bahasha nilizomwachia siku ile, alizifukia tu ardhini wakati mvua inaanza, akawafungia kuku siku chache.

"Sasa mwanangu," akaniambia huku anachuma, hata haniangalii, "hiyo luku ulikuwa unamnunulia nani?"