Siku moja na alpaka, jike mmoja akiwa karibu kuzaa

Saa 11:30 alfajiri

Kazi ya kwanza ya siku haina chombo. Unasimama langoni, unanyamaza, unawatazama. Alpaka, mnyama wa sufu wa jamii ya ngamia, huficha ugonjwa mpaka umlemee, maana kwa asili yake ni mnyama wa kuwindwa, na anayeonyesha udhaifu ndiye anayekamatwa. Ukingoja aanze kuyumba au akatae chakula, umechelewa. Kwa hiyo macho yanatafuta vitu vidogo: nani amelala mbali na wenzake, nani hacheui, nani amelaza masikio nyuma na hakuna anayemchokoza. Aliyekunja miguu chini ya tumbo, taya likisaga taratibu, ni mzima. Kulala ubavu juani nako ni kawaida, wanapenda sana kuota jua. Kulala ubavu kabla jua halijatoka ndiko kunakotuingiza bandani mbio.

Leo jike mmoja mweusi amejitenga. Mimba ya alpaka huchukua miezi 11 na nusu hivi, na kufika mwaka mzima si ajabu, kwa hiyo tarehe iliyoandikwa daftarini ni ya kukisia. Tunamwacha kwanza.

Saa 12 asubuhi

Maji, choo, nyasi, na saa nzima imekwisha. Ndoo zinamwagwa na kusuguliwa kila siku, kwani alpaka hugomea maji yenye utelezi. Mmoja hunywa lita 4 hadi 8 kwa siku, anayenyonyesha huzidi hapo.

Choo ni chepesi kuliko watu wanavyodhani: kundi zima hujisaidia mahali pamoja, wakipanga foleni. Reki, beleshi na toroli vinatosha. Huku unazoa unakagua. Vidonge vigumu vinavyoachana ni afya. Uji uji au mabonge yanayonata maana yake leo kuna sampuli ya kupeleka kupimwa minyoo. Samadi hiyo haiunguzi miche kwa urahisi, ndiyo maana wakulima wa mboga huiulizia kabla hata ya kuuliza sufu.

Nyasi kavu ni karibu asilimia 2 ya uzito wa mnyama: alpaka wa kilo 65 anatosheka na kilo 1 hadi 1.3 kwa siku. Wageni huona tunawanyima. Tumbo lake la vyumba vitatu linajua kukamua nyasi duni, na aliyenenepeshwa hushika mimba kwa shida na huzidiwa haraka na joto. Juu ya nyasi kila mmoja hupata konzi moja ya vidonge vyenye madini, vikitandazwa kwenye hori refu, bapa. Ukivirundika kwenye ndoo, mwenye pupa anameza bila kutafuna na kupaliwa. Utamwona ananyoosha shingo na povu linamtoka. Na hapa nikaze neno: chakula cha kuku au cha ng'ombe si mbadala. Baadhi yake huwekwa monensini, dawa ya kuzuia koksidia (vimelea vya utumbo), na hiyo humuua alpaka. Shaba iliyozidi nayo hujikusanya kwenye ini kimyakimya mpaka siku mnyama anapoanguka.

"Mama, yule mweusi hajaja horini," anasema mdogo wetu, mwenye zamu ya kuhesabu. Anahesabu vizuri kuliko sisi wakubwa. Kisha mkoba mgongoni, shule.

Saa 2

Wiki hii ni zamu ya kuwapima majike wanaonyonyesha. Macho hayafai kitu kwa unene wa alpaka, kwa sababu sufu humfanya aliyekonda aonekane amenona. Unaweka kiganja juu ya uti wa mgongo, nyuma kidogo ya mbavu za mwisho. Nyama ikiteremka kutoka kwenye mfupa kwa mteremko ulionyooka, ni alama 3 kati ya 5, ndiyo tunayoitaka. Ikibonyea ndani, amekonda. Ikibenuka nje, amezidi.

Halafu kope. Unavuta ya chini taratibu na kulinganisha rangi ya ndani na kadi ya rangi. Nyekundu ya kukoza ni salama. Nyeupe maana yake kuna minyoo inayonyonya damu tumboni, na mnyama wa namna hiyo anaweza kufa akiwa bado anakula vizuri. Hatuwapi dawa wote kwa mpigo. Minyoo inayobaki baada ya kila dozi ndiyo ile iliyozoea dawa, na ukiifuga miaka michache hutakuwa na dawa tena.

Saa 4

Jike mweusi ameenda chooni mara nyingi bila kutoa kitu. Analala, anasimama, anaguna. Hatua hii inaweza kuchukua saa 1 hadi 6 na kazi yetu ni kukaa mbali. Mama mkwe wangu anaweka kiti nje ya uzio na kuendelea kusokota uzi wake. Hakuna mlinzi bora kuliko yeye, maana hana haraka na hamgusi mnyama. Alpaka wengi huzaa kati ya asubuhi na mapema mchana, ili mtoto akauke kabla ya baridi ya usiku. Anayeanza kusukuma jioni anatutia wasiwasi hata kama kila kitu kinaonekana sawa.

Pua ndiyo inayotangulia, kisha miguu miwili ya mbele. Kikitokea kichwa peke yake, mguu mmoja, au mkia, hatujaribu ushujaa: simu kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo. Na hata mpangilio ukiwa sahihi, dakika 30 za kusukuma kwa nguvu bila hatua yoyote ni dakika za kutosha kumpigia.

Huyu amesimama, kama wengi wanavyofanya, na ndama ananing'inia kichwa chini nusu nje. Mgeni akiona hali hiyo hutaka kukimbilia kumvuta. Mwache. Ute unachuruzika puani na mdomoni, mapafu yanajisafisha yenyewe. Anatoka akiwa amevikwa utando mwembamba mno, na mama yake hatamlamba, kwa kuwa ulimi wa alpaka hautoki nje vya kutosha kwa kazi hiyo. Atamnusa tu na kumtolea mlio wa chini. Kumkausha ni kazi ya jua au ya taulo zetu.

Sasa tunaingia, watu wawili, basi. Kitovu kinachovywa kwenye kikombe kidogo cha klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, kikombe kikibanwa tumboni kwa sekunde kadhaa, na tutarudia tena leo. Kidole kinapita kwenye fizi ya chini: meno yamechomoza, masikio yamesimama, kwa hiyo ametimia. Meno yaliyojificha na masikio yaliyolegea ni dalili za njiti. Joto 38.1. Uzito tunaupata kwa mizani ya kawaida ya watu: mume wangu anapanda naye, anapanda bila yeye, tunatoa. Kilo 7.2. Wengi huzaliwa na kilo 6 hadi 9. Tunatoka.

Baada ya hapo saa hazihesabiki tena, kunabaki kungoja vitu viwili.

Cha kwanza ni dang'a. Ndama wa alpaka huzaliwa bila kingamwili za maana. Zote hutoka kwenye maziwa hayo ya kwanza, na utumbo wake huzipitisha vizuri kwa saa 12 hivi, kisha mlango unafungwa kidogo kidogo mpaka siku ya kwanza inapokwisha. Ndani ya saa 2 awe amesimama, ndani ya saa 4 awe amenyonya. Huyu amesimama vizuri, lakini ananyonya kila kitu isipokuwa chuchu: goti la mama, sufu ya mkiani, ukuta wa banda. Tunamshika mama na kukamua kila chuchu mara moja, zote nne, kwa sababu kuna kizibo kama cha nta ambacho ndama dhaifu hawezi kukivunja. Tunanyoa kidogo sufu iliyo karibu na kiwele. Tunamwelekeza. Anageuka. Tunamwelekeza tena. Jike amechoka na sisi na anatema, kijani kibichi kutoka tumboni, harufu ambayo sabuni ya kwanza haiiondoi. Kosa si lake.

Saa ya nne tangu azaliwe ikipita bila kumeza, tunatoa dang'a ya mbuzi iliyogandishwa na kuiyeyusha ndani ya maji ya uvuguvugu. Maji ya moto huharibu kingamwili, halafu unampa maziwa matupu ukidhani umemkinga. Kabla ya chupa, kipimajoto tena: ndama aliyepoa chini ya 37.5 hupashwa kwanza, kwani tumbo baridi halisagi chochote. Lengo ni asilimia 10 ya uzito wake ndani ya siku ya kwanza, kwake yeye mililita 720, kidogo kidogo, mililita 80 hivi kila mara, akiwa amesimama na shingo imenyooka kama anavyonyonya kwa mama. Ukimlaza chali kama mtoto mchanga, maziwa yanaingia mapafuni.

Na katikati ya hayo simu inaita. Kila mfugaji wa alpaka anaijua simu hii.

"Habari za saa hizi? Nataka mmoja, wa mtoto wangu. Mnauza?"

"Nzuri, ndugu yangu. Mmoja hatuuzi. Wanakaa kundi, watatu ni bora."

"Mmoja tu, jamani. Nina mbwa, atamzoea."

Mbwa ndiye adui wa kwanza wa alpaka. Na alpaka akiwa peke yake hulia, hapumziki, haishi kutazama huku na huku, na msongo humuangusha kwa magonjwa ambayo angeyahimili akiwa na wenzake.

"Sawa, nimekuelewa. Na je, mtoto anaweza kumpanda?"

Hapandwi. Mgongo wake haukuumbwa kubeba mtu. Kisha linakuja lile la mwisho, ambalo kwa nje ni dogo kuliko yote: basi mpeni dume mchanga wa kulelewa kwa chupa, ili azoee watu. Huyo ndiye tunayemkatalia kwa sauti kubwa. Dume aliyelelewa peke yake kwa chupa na kubembelezwa hukua akiamini kwamba watu ni alpaka. Akibalehe, anamwona mtu kama dume mshindani: anamrukia, anampiga kifua, anamng'ata, na meno ya kupigania yanapasua ngozi. Watoto wetu wenyewe hawaruhusiwi kumbeba ndama bila sababu, na hilo limetugharimu machozi mengi kuliko sheria nyingine yoyote humu ndani. Chupa inapolazimu, hutolewa bila maneno matamu na ndama anarudi kwa mama yake mara moja. Mteja anakata simu akidhani tunaringa.

Kitu cha pili tunachokingoja ni kondo la nyuma. Linapaswa kutoka ndani ya saa 6. Likitoka linatandazwa chini na kukaguliwa: mfuko mmoja wenye pembe mbili, moja kubwa, moja ndogo, ncha zote mbili zikiwa nzima. Kipande kilichobaki ndani huoza na kumuua jike aliyezaa salama salimini. Kwa hiyo unainama na glavu juu ya kitu chenye damu na nzi, unatafuta ncha. Lipo lote. Linafukiwa mbali na uzio kabla wanyama wala mizoga hawajalinusa.

Joto limepanda. Wengine wanahema midomo wazi, na bomba la maji linaelekezwa tumboni na miguuni tu. Ukiwalowesha mgongoni, sufu iliyoshiba maji hufunika joto ndani na unawachemsha.

Jioni, sijui saa ngapi

Watoto wamerudi. Binti yetu anamfundisha hatamu alpaka wa miezi 6, aliyeachishwa ziwa juzijuzi. Kipande cha puani lazima kikae juu, karibu na macho, penye mfupa. Kikiteleza mbele kidogo tu kinakaba gegedu laini, na alpaka hutegemea pua kupumua. Anayeitwa mkaidi, anayejirusha na kulala chini, mara nyingi anakosa hewa. "Rudisha juu, mwanangu, vidole viwili chini ya jicho." Anarudisha, na mnyama anatembea.

Sufu ya mwaka huu bado iko magunia kadhaa. Inatandazwa juu ya fremu ya wavu ili vumbi na mabua yadondoke, kingo zenye nywele ngumu za mapajani na kifuani zinatolewa, inabaki ile ya mgongoni na mbavuni. Mama mkwe huchukua kishungi cha sufu, hukishika ncha mbili karibu na sikio na kukivuta kwa ghafla. Kikilia kwa mlio mkavu, uzi utadumu. Kikikatika katikati, mnyama aliugua au alipata msongo mkubwa miezi ile, na mashine itakivunja tena. Mafungu hayo tunayatenga kwa ajili ya kujazia mito, hata kama yanang'aa.

Ndama amenyonya mwenyewe. Mkia umesimama na koo linacheza. Hiyo haitoshi kuandika "amenyonya", maana wengine huvuta hewa tu. Saa 3 usiku anapanda mizani tena na mume wangu: kilo 7.1. Kupungua kidogo siku ya kwanza kunakubalika, kesho jioni tunataka iwe imeanza kupanda, na kutoka hapo gramu 150 au 200 kila siku. Damu yake itachukuliwa baada ya saa 24 kupima kingamwili. Kitovu kinachovywa mara ya mwisho. Zamu ya saa 8 usiku ni ya mume wangu, na amekumbushwa kwamba kabla ya chupa ni kipimajoto, hata kama ndama anapiga kelele za njaa.